Namba ya Marehemu wa Midia

Mama mmoja wa Midia alipiga simu redioni asubuhi, kipindi cha matangazo ya vifo kikiendelea, akauliza mtoto wake amepelekwa wapi. Mtangazaji alimpokea hewani akidhani ni mtu wa kutoa pole. Mimi nilikuwa jikoni kwangu Mvara nakoroga uji, redio dirishani kama kawaida, nikamsikia neno kwa neno.

"Mimi nafungua ile linki yenu," alisema, "lakini mtoto yangu hapana iko. Iko mzee moja, mwanaume. Mimi nauliza tu, mtoto yangu mumepeleka wapi?"

Mtangazaji akakohoa, akasema laini ni mbaya, akaweka wimbo. Laini haikuwa mbaya hata kidogo. Wimbo haujafika katikati nilikuwa nimeshajua kosa ni la nani, na uji ulikuwa umeshashika chini ya sufuria.

Nafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari hapa Mvara, mjini Arua. Tuna mashine kumi na mbili, zinazowaka ni saba, na umeme ukishikwa na hasira zake haiwaki hata moja. Nikisharudi nyumbani watu huja kuniomba niwatengenezee hiki na kile, maana wanaamini mwalimu wa kompyuta hachoki. Nachoka. Hiyo tovuti ya matangazo ya vifo niliitengeneza nikiwa nimechoka. Sisemi hivyo kujitetea, nasema tu ilivyokuwa.

Kwetu mtu akifa, habari inapelekwa na redio. Akiwa ni mwanamke aliyeolewa ndiyo zaidi, kwa sababu hafukiwi mpaka watu wa kwao wafike, kaka zake na wajomba, na wakija wakakuta kaburi limeshafunikwa, ugomvi wake wataurithi wajukuu. Kwa hiyo tangazo linasomwa kwa Kilugbara, kwa Kikakwa, kwa Kiswahili, na Kiingereza kwa ajili ya wakubwa. Msikilizaji anaandika njia kwenye kiganja cha mkono. Kata kushoto penye kisima inageuka kata kulia, na wajomba wanaingia jua linazama, wenye mji wameshaosha majembe. Niliyaona hayo kwa shangazi yangu mwenyewe. Ndiyo sababu mtangazaji aliponifuata na wazo la kuweka matangazo kwenye simu, sikumkatalia.

Mpango ulikuwa rahisi. Kila tangazo lingekuwa na ukurasa wake: picha ya marehemu, siku ya mazishi, njia ya kufika, simu ya mwenye msiba. Redio ingesoma jina la tovuti na namba fupi, wewe unaandika kwenye simu yako, ukurasa unafunguka. Kazi yangu kubwa ilikuwa hiyo namba. Watu waliiita namba tangu siku ya kwanza, ingawa ina herufi ndani, nami nikaiita hivyo hivyo.

Niliianza kisomi. Namba ya kwanza niliyoitoa ilikuwa na herufi kumi na moja, kubwa na ndogo zimechanganywa, pamoja na kistari cha kulala na kistari cha chini. Herufi za namna hiyo zinakaa kwenye anwani ya tovuti bila matata, si kama alama ya kuuliza au nafasi tupu, ambazo simu inazielewa kwa maana yake nyingine na kukupeleka kusikojulikana. Tena ukiwa na herufi kumi na moja, kompyuta inaweza kuzichota ovyo maisha yako yote na namba mbili zisigongane. Nilijivunia. Nikampelekea mtangazaji, mwanaume mwenye sauti ya ngoma na subira ya nyuki. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Madam, hii kitu mimi nasoma aje? Watu iko na kilio, mimi nasema kistari ya chini? Tena kwa Kilugbara kistari ya chini inaitwa nini?"

"Nane basi," nikasema.

"Mbili."

"Mbili haitoshi hata mwezi. Watu wanakufa, wewe mwenyewe ndiye unayewasoma."

"Tatu, madam. Tatu mutu anashika kwa kichwa hata kama analia."

Tulipatana kama watu wa sokoni mbele ya fungu la muhogo, na mwenye mali nikashindwa. Tatu. Halafu nikaanza kupunguza herufi zenyewe. Kubwa na ndogo nikazifanya kitu kimoja. Sifuri nikaitoa kwa sababu inafanana na O, moja nikaitoa kwa sababu inafanana na l. Irabu zote nikazitoa baada ya wiki ya kwanza, kompyuta ilipomchotea marehemu mmoja, mzee wa kanisa, herufi tatu ambazo kwa Kilugbara hazitamkwi mbele ya wakwe. Zinazofanana kwa sauti nazo nikazitoa, mwisho nikabaki na alama ishirini. Ishirini mara ishirini mara ishirini ni elfu nane. Nikasema elfu nane zinatosha, Arua na Koboko tutakufa wangapi.

Lakini kuchota ovyo kuna tabia yake, nami nawafundisha wanafunzi kila mwaka. Ukiwa na darasa la watoto hamsini, karibu kila mara utapata wawili waliozaliwa tarehe moja. Darasani kwangu huwapata hata kumi, kwa kuwa mzazi asiyekumbuka tarehe anaandika mwezi wa kwanza, siku ya kwanza, lakini hoja inabaki pale pale: vitu vinagongana mapema kuliko unavyodhani. Kwa hiyo nikaweka ulinzi. Kabla ya kutoa namba, kompyuta inatazama kwanza kama namba hiyo inayo tangazo. Ikiwa inalo, inachota nyingine.

Ulinzi huo ulifanya kazi barabara, na hapo ndipo nilipoharibu. Nafasi niliyokodi kwenye seva ni ndogo, na watu wetu wanatuma picha zilivyo, kila moja nzito kama gunia. Ilibidi za zamani zitoke. Zitoke baada ya siku ngapi? Sikumwuliza mtu. Nilisema moyoni, msiba unaisha arobaini. Sisi Wakristo tuna mambo yetu ya kumalizia matanga, majirani Waislamu wana kisomo chao, lakini neno arobaini kila mtu analielewa: turubai linarudishwa, sufuria za kuazima zinarudi kwa wenyewe, wageni wanakunja mikeka. Nikaandika mistari michache ya programu: kila alfajiri, tangazo lililopita siku arobaini lifutwe, picha na kila kitu. Nililala vizuri siku hiyo. Nilijiona mtu ninayejua mila.

Tangazo likifutwa, namba yake inakuwa haina tangazo. Kompyuta ikiichota tena inaiona ni tupu, inampa marehemu mwingine. Mimi nilijua hivyo, tena nilikuwa nimeona ni jambo zuri, kama vikombe vya hotelini: mmoja akimaliza chai, kinaoshwa, anapewa mwingine. Haikunijia hata mara moja kwamba kuna mtu angerudi kutafuta kikombe chake.

Baada ya kipindi nilimpigia mtangazaji, akanipa namba ya simu iliyotumika. Ilikuwa ya mkwe wa yule mama, mke wa mwanawe aliye jeshini mbali. Akanieleza kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Wifi yake, binti wa mwisho wa mama, alifariki mwaka uliopita baada ya kuugua siku tatu. Hawakuwa na picha yake. Picha za utotoni zilipotea walipokimbia vita, kitambulisho chake kilibaki kwa mume, na mume aliondoka kwenda Sudan Kusini baada ya mazishi, hajaonekana. Ile ya tangazo ilikatwa kwenye picha ya harusi ya mtu wa Koboko, kwenye simu ya mjomba.

Nikamwuliza kama mama hakushangaa ukurasa ulipopotea baada ya siku arobaini. Akasema ukurasa haukupotea. Simu yake ilikuwa imeushika, ukifungua linki picha inakuja, hata mtandao ukiwa dhaifu. Nilielewa. Simu huwa inaficha nakala ya ukurasa uliozoea kuufungua. Kwa miezi yote hiyo mama alikuwa anaangalia nakala iliyojificha simuni, wala si seva yangu. Namba ilipopewa mtu mwingine, simu ikaona kuna kitu kipya, ikatupa cha zamani. Kama ningeiacha ile namba tupu, nisimpe mtu, huenda mpaka leo angekuwa na picha.

Nilitafuta kwa siku tisa. Kwanza kwenye seva: hakuna, na nakala za akiba nilizipanga zikae wiki moja tu, kwa ubahili ule ule wa nafasi. Redioni: simu iliyopokea picha ilishabadilishwa. Mjomba: simu yake ilitumbukia chooni, alinisimulia kisa chote, na aliyeingia kuitafuta alitoka mikono mitupu. Bibi harusi wa Koboko alikuwa na picha za keki tu. Niliwapigia watu waliotumiwa ile linki, kila mmoja akasema alishafuta, simu ilikuwa imejaa. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nayazoa kwa kijiko. Nilirudi nyumbani kila jioni na hasira za kumpigia mtu kelele, na mtu mwenyewe nilikuwa mimi.

Kitu kimoja tu niliweza kukirudisha, nacho ni namba. Lakini namba sasa ilikuwa ya yule mzee, na hata yeye alikuwa na wenyewe. Nikampigia mwanawe mkubwa, mkulima wa Lobule. Nikamweleza kila kitu bila kujificha. Akacheka kicheko cha mtu aliyefiwa karibuni.

"Mzee yetu tulishazika, watu yote walifika. Kama ile mama anataka namba yake, patia yeye. Mzee alikuwa askari, madam. Amezoea transfa."

Mtangazaji hakuwa mwepesi hivyo. Nilimwambia kuanzia sasa hakuna namba itakayorudiwa, aliyepewa amepewa, na elfu nane zikikaribia kwisha tutaongeza herufi ya nne. Akasema nne hasomi. Nikamwambia atasoma. Akasema mimi nilikubali tatu kwa mdomo wangu. Nikamwambia mdomo wangu ndio uliokosea, na kama hataki, asome njia ya penye kisima kama zamani. Tulikaa wiki nzima hatuamkiani. Anasoma sasa, ingawa kwa kununa.

Jumamosi nikaenda Midia. Ningeweza kupiga simu. Kwa kweli nilitaka sana kupiga simu. Lakini mtu huwezi kumwambia mama kwa simu kwamba umefuta sura ya mtoto wake. Nikapanda gari mpaka Koboko, kisha boda, vumbi likaingia mpaka kwenye meno, na njia nzima nilikuwa natunga maneno, kila nikiyamaliza nayaona ya kijinga.

Mama alikuwa anapepeta ufuta kwenye ungo. Mdogo wa umbo, kitambaa cheupe kichwani. Mkwe wake akaleta kiti, akaleta maji. Mama hakuacha kupepeta mpaka ungo ulipokwisha, akaniamkia, akauliza watu wa Arua hawajambo, akauliza kama nilikula njiani. Nikasema mimi ndiye mwenye makosa. Nikaeleza kwa maneno mepesi: nafasi ilikuwa ndogo, nilifuta matangazo yaliyopita arobaini, nikachukua namba ya binti nikampa mtu mwingine, picha haipo tena, nimetafuta kila mahali.

Akanisikiliza kichwa upande.

"Nani alikuambia arobaini?"

"Hakuna, mama. Niliona watu wanamaliza msiba arobaini."

"Arobaini iko ya wageni," akasema. "Wageni wanarudi kwao. Mimi narudi wapi?"

Kuna methali wanayopewa wanafunzi wetu katika mtihani wa Kiswahili, mwenye kovu usidhani amepoa, na wanaieleza vizuri kuliko mimi nilivyoielewa siku zote. Nililia. Sikukusudia, na nilijionea aibu, kwa sababu mwenye haki ya kulia alikuwa ananitafutia kitambaa.

"Wewe unalia nini sasa? Umechoka na njia," akasema. Halafu akauliza, "Ile mzee, watu yake walikasirika?"

"Hawakukasirika. Wamerudisha namba."

"Mimi nilikuwa namusalimia kila Ijumaa. Nasema, mzee, hapana kosa yako, lakini mtoto yangu iko wapi." Akatingisha kichwa. "Kwetu mutu akikufa, jina yake tunaweza patia mtoto mwingine. Lakini tunauliza kwanza. Ninyi muliuliza nani?"

Nikasema hatukuuliza mtu.

Mtandao ulikuwa haufiki uani. Tulipanda watatu hadi kwenye kichuguu kilichobomoka nyuma ya shamba la mihogo, ambako alikuwa akienda kila Ijumaa baada ya sala, mkwe akimfungulia. Mahali pa miguu yake palikuwa pameshalainika. Nikafungua programu yangu kwenye simu, nikamhamishia mzee wa Lobule namba mpya, nikairudisha ile kwa binti, jina lake nikaliandika upya. Dakika mbili, na nusu yake nilikuwa nasubiri mtandao. Mkwe akafungua linki kwenye simu yake, akamwonyesha mama. Jina la binti lilikuwa pale juu, na chini yake nafasi nyeupe ya picha.

"Iko yeye lakini hapana iko," mama akasema.

Hapo ndipo nilipomwambia, bila kulipanga, kwamba ningeweza kuandika. Aseme alivyokuwa, mimi niandike hapo penye picha, kama anavyosema, na mkwe atamsomea kila akitaka. Tena tangazo hili halitafutwa, si baada ya arobaini, si baada ya miaka. Akafikiri. Akakaa chini kwenye udongo, akanyoosha miguu, akaanza.

"Andika: iko mrefu kidogo kupita mimi."

Nikaandika.

"Iko na alama ya moto hapa kwa mkono, aliangusha sufuria ya maharage, alikuwa mudogo. Mimi nilimupiga, halafu nilimupaka asali. Andika yote mbili."

Nikaandika yote mawili.

"Meno ya juu iko na nafasi. Akicheka anafunika mudomo. Hapana penda kuamka asubuhi. Akitembea anaburuza ndala, mimi nasikia yeye kutoka kwa barabara, najua ni yeye, naongeza maji kwa sufuria. Mguu hapana mgonjwa. Uvivu tu."

Mkwe akacheka, mama naye akacheka, na mimi nikiandika nilihisi kwa mara ya kwanza katika siku zile kwamba labda kazi yangu ina maana. Mama alizidi kuchangamka. Akasema binti alivyofunga nywele, alivyoimba akiosha vyombo, wimbo ule ule mmoja, sauti yenyewe mbaya. Ukurasa ukajaa. Ilionekana kama tumepata njia, na mimi, mtu wa kupanga mambo, nikataka lisibaki pengo.

"Na macho yake, mama? Yalikuwaje?"

"Macho," akasema.

Nikaandika neno, nikaweka nukta mbili, nikasubiri. Alitazama mbele kwenye mihogo. Akamgeukia mkwe wake kama anayeuliza kitu alichoweka ndani ya nyumba, na mkwe akainamisha kichwa. Mikono ya mama ilikuwa imetulia mapajani. Tulikaa hivyo mpaka skrini ya simu yangu ikajizima, nikaigusa ikawaka tena, bado nasubiri.

"Hiyo," akasema polepole, "hiyo ndiyo nilikuwa nakujaga kuangalia."

Nikahifadhi ukurasa ulivyo, tukashuka. Ukifungua ile namba leo utayakuta yote, sufuria ya maharage, asali, ndala, wimbo, na mwisho kabisa neno Macho na nukta mbili, na mbele yake hakuna kitu.